Sharti la Nizwa na Usra ya Ibra

Ibra, 14 Septemba 2024

Shangazi yangu mpenzi, Bi Ghaniya,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa sababu ya kwanza ni yangu na ya pili ni ya mkweo Hamdun, aliyesimama nyuma ya kiti changu anataka kujua naandika nini, nami nimemziba macho kwa mkono wa kushoto. Sisi wazima, alhamdulillahi, na zaidi ya wazima. Hali yako wewe? Magoti yanasemaje? Jirani zako hawajambo? Nizwa imeanza kupoa, au bado ukuta wa jikoni unaunguza mkono?

Siku ya harusi ulinikataza kukutumia sauti za simu. Ulisema, "Simu ni ya salamu. Maneno yenyewe niandikie, tena kwa Kiswahili, kabla hakijakuozea mdomoni." Basi naandika. Barua atakuletea Amur, binamu yake Hamdun, anayekuja Nizwa na pikapu kuchukua halua ya duka lao. Akisema ana haraka usimwamini.

Shangazi, kwa nini hamkuniambia kwamba ndoa ni tamu namna hii? Mlinipa mawaidha ya subira wiki nzima, subira ya nini? Hamdun anapiga pasi kanzu zake za dishdasha mwenyewe, na nguo zangu anapiga pia, huku anaimba jedwali la kuzidisha kama kasida, maana ni mwalimu wa hesabu na hesabu zimemuingia mpaka kwenye koo. Bibi yake marehemu alikuwa wa Unguja, lakini alimwachia maneno ya jikoni tu: mkate, chai, njoo, toka. Sasa anajifunza kwangu. Jana kaniambia, "Nakupenda sana kabisa mno bado." Hiyo "bado" sijui kaitoa wapi, lakini nimeipokea. Nikimsikia anafungua geti, moyo wangu unakwenda mlangoni kabla ya miguu. Najua haya si ya kumwambia shangazi. Basi nimwambie nani?

Sasa habari kubwa: nimepata kazi!

Ni shule ya serikali ya sekondari ya wasichana, nje ya mji, kwenye mtaa mpya ambako nyumba zimetangulia na barabara inafuata: villa, kiwanja kitupu, villa, mbuzi, halafu shule. Ni kubwa mno. Mudira, yaani mwalimu mkuu, alichoka kuona wasichana wanapotelea ndani yake kama njugu ndani ya gunia, kwa hiyo mwaka huu ameigawa kuwa shule nne ndogo chini ya paa moja. Kila moja anaiita usra, yaani familia. Kila usra ina madarasa yake upande wake, mlango wake wa rangi, na walimu wake watakaokwenda na wasichana hao hao mpaka wamalize. Wasichana wa darasa la kumi, la kumi na moja na la kumi na mbili wanakula pamoja saa ya mapumziko, dada wakubwa na wadogo. Na asubuhi ya Jumapili, wiki ya shule inapoanza, kabla ya masomo, wanakaa kwa maduara madogomadogo, anayetaka anasema lililo moyoni mwake, wengine wananyamaza.

Kila usra ilihitaji msaidizi, mwanamke, cheti cha sekondari kinatosha. Kazi yake ni kujua nani hakuja leo na kwa nini, na kwenda na mwalimu kuwatembelea wazazi nyumbani. Mimi ni wa usra ya mlango wa kijani. Hebu fikiri, Shangazi, nalipwa kwa kujua majina ya watu! Mimi, ambaye mwalimu wangu wa hesabu alinifundisha miaka yote akiniita "wewe wa dirishani"! (Hamdun kasikia hayo akasema angekuwa yeye, angelijua jina langu siku ya kwanza na kusahau somo.)

Karatasi imekwisha lakini furaha haijaisha. Nabusu mkono wako wa kulia, na wa kushoto usione wivu.

Mwanao,
Samah


Nizwa, 3 Oktoba 2024

Mwanangu Samah,

Marahaba. Na ya pili mpe mwenyewe, umwambie miye ni mzima, magoti ni yale yale, na "bado" aiache hapo hapo ilipo, imekaa vizuri.

Barua yako imenifika inanuka samli. Amur aliiweka chini ya sinia la halua akaisahau, akaenda nayo, akarudi nayo. Kaniambia alikuwa na haraka.

Nimefurahi kwa kazi. Mudira huyo ana akili. Siye tuliporudi Oman kutoka Unguja tulitiwa darasa moja watoto wa kila umri, anayejua Kiarabu na asiyejua, na mwalimu mmoja anatutazama kama mtu aliyemwaga mtama. Familia ndogo ni bora. Ila angalia usiwe unasema weye peke yako kwenye hilo duara. Nakujua.

Huku salama. Dada yake jirani kajifungua, kijana. Paka wa nyumba ya pili kahamia kwangu bila ya ruhusa. Nimepaka rangi vyumba vya juu, rangi ya maziwa, fundi kafunga kiyoyozi kipya, na pazia nimezishona mwenyewe. Bafu la juu limetiwa vigae.

Barua yako ni ndefu na tamu, nimeisoma mara nyingi. Nizwa umeitaja kwa kuniuliza joto tu. Nakukumbusha, si kwa kukusuta: usiku wa akdi Hamdun alikubali sharti langu mbele ya baba yako na mashahidi, kwamba mwaka hautakwisha ila mmehamia huku, ghorofani kwangu. Nimekulea tangu mama yako alipokufa, weye unatambaa. Sikuomba mahari wala dhahabu ya ziada, nimeomba hilo tu. Amepata mwalimu wa huku wa kubadilishana naye shule?

Kula vizuri. Mwanamke mpya husahau kula.

Shangazi yako,
Ghaniya


Ibra, 9 Novemba 2024

Shangazi yangu wa pekee,

Shikamoo, na salamu za nyumba nzima, ingawa nyumba nzima ni watu wawili na birika la chai. Tunakula, usiwe na wasiwasi. Hamdun amenenepa, dishdasha ya Idi imekataa kufungwa shingoni, na mama yake ananisifu mimi badala ya kumlaumu yeye. Hongera kwa jirani. Paka mpe jina, akishahamia amehamia.

Wiki iliyopita nilisahau chakula changu nyumbani. Saa ya mapumziko mlinzi kaja kuniita: mumeo yuko getini. Wanaume hawaingii, unajua, kwa hiyo alisimama juani na kibweta cha wali mkononi, na mkononi mwingine, Shangazi, tawi la mrehani kutoka kwa mama yake! Niligeuka nikaona madirisha ya mlango wa kijani yamejaa vichwa.

"Abla Samah," wanavyowaita walimu wa kike, akaita Alyaa, msichana wa darasa la kumi na mbili mwenye ulimi kama kisu cha samaki, "mwambie wali wetu sisi asiutie chumvi nyingi!"

"Na mrehani ni wa kula au wa kunusa?" akauliza mwingine.

Nilirudi uso umewaka. Mwalimu Basma, mwalimu wa usra yetu ninayefuatana naye kwenda kwa wazazi, kacheka mpaka akalia. Tawi lile nimelitia kwenye gilasi dirishani kwangu, limetoa mizizi.

Sasa nikueleze habari ya Yaqeen. Yeye anatoka Dima wa Tayyin, wilaya ya milimani, na siku za shule analala kwa mjomba wake hapa. Tangu mwaka uanze hajasema neno kwenye duara. Ukimuuliza anatazama viatu. Katika shule ya zamani angemaliza miaka mitatu hivyo hivyo, nani angejua? Mimi nilimaliza hivyo. Lakini kwenye duara la watu kumi huwezi kujificha nyuma ya mtu. Nilianza kukaa karibu naye tu, bila kumuuliza kitu. (Ndiyo, Shangazi, nilinyamaza. Mashahidi wapo.) Jumapili iliyopita Alyaa akasema, "Jamani, siku Yaqeen akisema, mvua itanyesha." Sauti nyembamba ikatoka kando yangu: "Basi chukueni miavuli."

Shangazi, tulipiga kelele mpaka usra ya mlango wa buluu wakaja kuuliza nani kaolewa! Na sasa Yaqeen anasema. Anasema kila siku. Amesema baba yake ana mbuzi anayejua kufungua bomba la maji. Nilikwenda nyumbani nikamsimulia Hamdun, akaacha kusahihisha daftari akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hiyo ni hesabu iliyotoka sawa." Nani mwingine duniani angejibu hivyo?

Kuhusu lile jambo, Hamdun anaulizia. Si rahisi kumpata mwalimu wa hesabu aliye huko anayetaka kuja huku. Tutaona.

Wanafunzi wa mlango wa kijani wametengeneza jiko la jua kwa ajili ya maonyesho ya sayansi. Mkate ulitoka mbichi katikati na mweusi juu, tukaula wote.

Nakubusu magoti yote mawili, yapone.

Mwanao,
Samah


Nizwa, 12 Desemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika Sur kabla ya kufika kwangu. Amur alikwenda harusini huko nayo imo ndani ya gari, ikarudi na mchanga. Siku nyingine mwambie aitie kwenye kilemba.

Huyo msichana wa miavuli kanichekesha peke yangu jikoni mpaka paka kanitazama. Mwambie bibi mmoja wa Nizwa anamsalimu.

Ijumaa nilipika birinzi. Mkono umezoea sufuria kubwa, nikapika ya watu sita. Nikaila mpaka Jumatatu. Birinzi ya siku ya nne haina ubaya, ukiitia ndimu.

Kiyoyozi cha juu nakiwasha kila Alhamisi kidogo, kisiharibike kwa kukaa. Pazia zimekaa vizuri.

Unaniandikia "tutaona". Tutaona ni neno la mtu asiyetaka kutazama. Muhula wa pili ukianza watu watakuwa wameshapanga nafasi zao za mwaka ujao. Nataka jibu, ndiyo ama la, si habari ya mbuzi, ingawa ya mbuzi nimeipenda.

Jikinge na baridi ya asubuhi.

Shangazi yako,
Ghaniya


Ibra, 30 Januari 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumai u mzima, na baridi haijakukamata miguu. Sisi wazima. Nisamehe kwa kuchelewa kuandika. Kulikuwa na mitihani, halafu likizo, halafu nilikuwa na mafua.

Ulitaka jibu. Jibu ni ndiyo. Limepatikana kwa njia ya kuchekesha, nikusimulie ucheke.

Nilikwenda na Mwalimu Basma kumtembelea bibi yake Alyaa, ambaye ndiye anayemlea. Anaitwa Bi Mahfoudha. Ni watu wa asili ya jangwani, wana nyumba kubwa upande wa Mudhaibi, na baraza ya wanawake imetandikwa mazulia mpaka mlangoni. Tukakaribishwa tende, halafu binti mdogo kaja na dele la kahawa. Nikapokea kikombe, nikapiga funda moja, wallahi ilikuwa moto kama kaa! Ulimi ukaungua. Nikakiweka kikombe chini mbele yangu kipoe, kama tunavyofanya kwetu.

Wanawake wote wakanigeukia. Binti akarudi nyuma na dele lake. Bi Mahfoudha akajiweka sawa, akaniambia kwa upole, "Sema haja yako, binti yangu."

Mimi sikuelewa. Kutikisa kikombe mtu akitosheka, hilo ulinifundisha tangu udogoni. Lakini kuweka chini hukunifundisha! Kumbe kwa watu wa jangwani mgeni akiweka kahawa yake chini bila ya kuinywa, ana ombi, na hatakunywa mpaka mwenye nyumba akubali. Nataka kusema sina haja, ulimi umevimba, natoa sauti kama ya bata. Mwalimu Basma, kwa huruma zake, akanisemea:

"Mama, labda ni habari ya Nizwa. Shangazi yake anawangoja kule, na mumewe hajapata mwalimu wa kubadilishana naye."

Bi Mahfoudha akapiga goti lake kwa kiganja. "Tena hilo tu? Mwanangu Khattab anafundisha hesabu Nizwa. Atakuja huku, mumeo atakwenda kule. Kunywa, binti yangu. Haja yako imekwisha."

Nikanywa. Ningefanya nini? Wanawake wote wakaniombea dua, na Alyaa, yule asiyekosa la kusema, peke yake hakuitikia amini. Khattab ameshapigiwa simu siku ile ile. Mwalimu Basma ananiambia Khattab ana mke wa Nizwa na nyumba Nizwa, lakini neno la mama yake kwa mgeni halivunjiki.

Basi, Shangazi, mambo yamekaa kama ulivyotaka. Karatasi za maombi zitapelekwa muhula ukikaribia kwisha, na mwaka ujao wa shule tutakuwa ghorofani kwako. Wasichana wa usra sijawaambia. Nitawaambia. Hapana haraka.

Pazia ni za rangi gani?

Mwanao,
Samah


Nizwa, 20 Februari 2025

Mwanangu Samah,

Marahaba. Pazia ni za kijani, na sasa nisikilize.

Barua yako nimeisoma asubuhi, nikaisoma baada ya adhuhuri, nikavaa miwani ya pili nikaisoma tena. Kisa cha kikombe nimekicheka. Halafu nikakaa. Katika barua zako za nyuma Hamdun alijaa kama mchele kwenye gunia, kila mstari kadondoka. Katika hii hayumo, ila kwa vinywa vya watu wengine. Na umeandika "kama ulivyotaka". Hukuandika "kama tulivyotaka". Miye nimekufundisha kuandika, usidhani sijui kukusoma.

Nikamwambia Amur nataka kwenda soko la wanawake la Ibra kununua ubani. Kasema ubani upo Nizwa. Nikamwambia endesha gari.

Nilikwenda kwanza kwa Bi Mahfoudha. Nikamwamkia, nikakaa, nikanywa kahawa yangu yote ikiwa moto, nikatikisa kikombe. Kisha nikamwambia: "Dada yangu, sharti la Nizwa niliweka miye, na leo miye nimeliondoa. Mwanangu hakuja kwako na haja. Alikuja na ulimi mwepesi wa kuungua." Kwao neno alilopewa mgeni mwenye nyumba hawezi kulirudisha, ila mgeni mwenyewe, ama mkubwa wake. Basi miye ndiye mkubwa wako, nimelirudisha. Bi Mahfoudha kacheka mpaka shela ikamwanguka. Kaniambia, "Wallahi umeniokoa. Khattab tangu siku ile akinipigia simu anakohoa tu." Kampigia pale pale. Nilisikia huyo mwanamume mzima anavyomshukuru Mungu.

Halafu nikaenda shuleni kwako. Mudira kanipokea kwa heshima, kanionyesha mlango wa kijani. Ulikuwa umekaa chini na wasichana kwenye duara. Mmoja alikuwa anasema, maneno yanamtoka kwa taabu. Weye humkatizi. Weye, ambaye tangu ujifunze kusema hujapata kumwacha mtu amalize sentensi! Ukamsubiri mpaka mwisho, kisha ukasubiri tena kidogo, asije akawa na jingine. Miye nikasimama nyuma ya kioo cha mlango. Nimekulea miaka ishirini na mbili, uso ule sijapata kuuona.

Usiniulize kwa nini sikuingia.

Nilipokuwa nangoja gari uwanjani, msichana mmoja mwembamba alikuja kuniletea kiti. Nikamuuliza jina. Kasema Yaqeen. Nikamwambia, "Weye ndiye wa miavuli?" Basi hakunyamaza mpaka Amur kapiga honi. Kanieleza mbuzi, kanieleza mama yake, kanieleza dada yake. Nani kasema huyo hasemi?

Kaeni Ibra. Mwambie Hamdun sharti limekwisha, namuachilia mbele ya Mungu na mbele ya Amur, aliyekuwa anakula halua.

Shangazi yako,
Ghaniya


Ibra, 8 Machi 2025

Shangazi, Shangazi, Shangazi!

Shikamoo mara mia, na Ramadhani iwe ya kheri kwako. Barua yako ilinikuta nakata sambusa. Nilisoma nimesimama, nikasoma nimekaa, Hamdun karudi kutoka msikitini kanikuta nalia juu ya unga, akadhani kuna msiba. Nilimpa karatasi. Kiswahili chake hakifiki huko, ikabidi nimfasirie mstari kwa mstari, na kila mstari alikuwa anasema "Na kisha? Na kisha?" Nilipofika kwenye "namuachilia" akaenda uani. Nikamfuata. Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kilemba. Kaniambia, "Nilikuwa nimeshaanza kuwaaga wanafunzi wangu moyoni, sikutaka ujue." Nikamwambia, "Mimi pia." Miezi miwili, Shangazi, tumelala kitanda kimoja na siri moja, kila mmoja anaificha upande wake! Tukacheka mpaka chapati niliyoiacha jikoni ikaungua, na magharibi tukafuturu kwa tende na chapati nyeusi, na sijapata kula futari tamu kama ile.

Kesho yake nikawaambia wasichana yote, kwamba tulikuwa tuhame na kwamba sasa tunabaki. Alyaa kasema, "Tulijua. Bibi alikwisha kutangaza mpaka kwa wauza nyasi." Yaqeen kasema tu, "Yule bibi wa kiti ni shangazi yako?" Nikasema ndiyo. Kasema, "Anasikiliza vizuri."

Lakini sasa furaha yangu ina mwiba, na nitausema, maana tumechoka na yasiyosemwa. Sikutaka kuondoka huku, na sikutaka ulijue hilo, kwa sababu najua nani anawasha kiyoyozi cha juu kila Alhamisi. Nani atakula birinzi, Shangazi? Nani atapanda ile ngazi? Ningekuwa na miili miwili ningekuletea mmoja, ule unaopika vizuri. Ninao mmoja tu, na umekaa hapa unaona haya.

Niambie kweli. Unakaaje?

Mwanao anayekupenda sana kabisa mno,
Samah


Nizwa, 22 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba, na swaumu njema. Umeniuliza kweli, nakujibu kweli. Niliporudi kutoka Ibra nilikaa siku mbili tatu bila ya kupika. Nikapanda juu, nikakaa kwenye kitanda kipya, nikatazama pazia. Nikajiambia, Ghaniya, umeshonea nani?

Nikakumbuka maneno ya Yaqeen. Dada yake, Aseel, anasoma chuo kikuu hapa hapa Nizwa. Anakaa yeye na mwenzake Ahlam katika chumba cha kukodi mbali huko barabarani, jiko hawana, wanafuturu kwa biskuti. Nikazungumza kwa simu na baba yake Aseel, huko Dima, mtu mwema, anasema polepole kama anapanda mlima. Nikamwambia vyumba vipo, kodi sitaki, nataka watu wa kula. Kaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nimeshapika.

Wamehamia wiki iliyopita na vitabu vyao tu. Aseel anasomea uuguzi, ananipima presha kabla ya futari na baada ya futari, yeye na mashine yake, mpaka najihisi mgonjwa. Ahlam anasomea hesabu, umweleze Hamdun. Birinzi ya watu sita haikufika daku. Paka kahamia kwao juu, msaliti yule.

Juzi waligombana kwa habari ya nani kamaliza maji ya moto. Hawasemeshani, mmoja jikoni, mmoja ngazini. Nikawaita, nikawakalisha chini kwenye zulia, watu watatu, duara halikutimia lakini tulijikunja. Nikawaambia: anayetaka aseme lililo moyoni, wengine wanyamaze. Mara nikaanza kusema miye. Sikukusudia, mwanangu. Nikawaambia nilikuwa na msichana mmoja wa kwangu, kaolewa Ibra, na nyumba iliponyamaza niliogopa. Hilo sijapata kumwambia mtu, hata weye. Ahlam kalia. Aseel kaleta ile mashine yake.

Mje Idi. Mtalala sebuleni, juu kumejaa, na mumeo akubali godoro la chini bila ya kulalamika. Na uje upesi, kwa sababu kuna shauri la kukata. Hawa wasichana walianza kuniita Bi Ghaniya, kwa adabu. Tangu jana wananiita Shangazi. Nikawaambia hapana, jina hilo lina mwenyewe, yuko Ibra, na ana wivu. Aseel kanitazama na mashine yake mkononi, kasema, "Basi tutalitumia polepole mpaka aje atupe ruhusa."

Nami sikuwakataza. Njoo uwakataze weye, ukiweza.

Shangazi yako,
Ghaniya